Gongo la Mzee Loth

Kuna kazi zisizo na njia ya mkato, na mwenye pupa huzitambua zikishamharibikia. Mwalimu Asteria wa karakana ya ufundi mjini Same alifunzwa hilo na kipande cha alumini.

Baba yake, Mzee Loth, alitembelea magongo tangu akatwe mguu. Kwenye miteremko ya kijijini kwake Chome, milimani, gongo lilikuwa likipinda kama bua. Mara ya tatu alibingirika hadi kwenye migomba ya jirani, na wanawe wakakata shauri: likipinda tena, atahamia Same moja kwa moja. Mzee alinywea. Kuishi kwenye joto lile, mbali na shamba lake, aliona ni kuzikwa kabla ya siku yake.

Asteria, mdadisi tangu utotoni, alikuwa amesoma kwamba alumini hukomaa kwa kuteswa. Alichonga kalibu ya chuma yenye tundu lililojikunja kama kiwiko. Aliipasha fimbo ya alumini moto mkali, akaizamisha majini, kisha akaisukuma kwa jeki ipite kwenye kiwiko kile. Ikatoka na unene uleule! Aliirudia mara nne, akijiuliza ndani yake kunavurugika nini. Ilibaki kuikalisha kwenye oveni, nyuzi mia tu, siku mbili.

Lakini siku hiyo ilikuwa Alhamisi, mzee yuko karakanani akisubiri gongo lake, gari la Chome linaondoka Ijumaa, na Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno usharikani kwa mzee. Asteria akapandisha moto hadi nyuzi mia tatu ili kufidia muda. Baada ya saa moja aliitundikia fimbo mfuko wa saruji. Ikainama taratibu, kana kwamba inamwamkia shikamoo.

Machozi yalimlengalenga. "Nimeiharibu, baba. Nilitaka uwahi mavuno."

"Kwani ndizi unazivumbikaje, mwanangu?"

"Nalipasha shimo, natoa moto, nazifukia, nasubiri."

"Na ukiuacha moto shimoni?"

"Haziivi. Zinapikika, zinakuwa laini tu." Asteria akageuka, akaitazama oveni.

"Basi mavuno Mungu atanisamehe," alisema mzee. "Anza upya."

Akaanza upya. Kwa siku mbili mzee aliketi karibu na oveni akiuliza, "Imeiva?" naye akijibu, "Bado, baba," hadi wote wakacheka. Jumamosi jioni waliitundikia mfuko mmoja, kisha wa pili. Fimbo haikutikisika. Asteria alimkumbatia baba yake kwa furaha, akaifunga kwenye gongo, na gari lililofuata likampandisha mzee Chome.

Majuma matatu yalipita bila habari, naye Asteria hakupata usingizi mzuri. Siku moja kondakta wa gari la Chome akamkabidhi kapu. "Mzee Loth kalileta stendi mwenyewe," alisema, "kwa magongo yake, kule mteremkoni!" Asteria akafunua majani. Zilikuwa ndizi za kuvumbikwa, za manjano kabisa. Akamenya moja palepale, akala huku akilia. Ama kweli, mvumilivu hula mbivu.