Mtama Uliofukuliwa

Waliokuwapo kanisani siku ile mbegu zilipogawanywa, kama tulivyopokea kutoka kwa wazee wetu wa Ugogo, ni hawa: Mwalimu Hezekia Chihoma, aliyelichunga kanisa lile dogo la udongo, mkewe Perisi, ambaye watu walimwita Mama Danieli, mjane Sechelela na bintiye Yudithi, mtoto wa miaka mitatu, Zakaria Masinjila na watu wa nyumba nyingine kumi na moja za waumini, na Mzee Mbijili, mfugaji, ambaye hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa. Yeye aliketi kizingitini. Alisema amefuata kivuli tu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa ukame. Mwaka uliotangulia, walipovuna kile kidogo walichojaliwa, waumini walikubaliana kutenga kibuyu kimoja kikubwa cha mtama wa mbegu. Kikaning'inizwa juu ya meko ya Perisi ili moshi ufukuze wadudu. Mwaka mzima yule mama alipika chini ya kibuyu kile. Siku nyingine alipika mboga ya mlenda mkavu bila ugali, na siku nyingine alichemsha maji matupu ili watoto waone chungu motoni watulie. Mbegu haikupungua.

Siku ile kibuyu kikashushwa, na kila nyumba ikapata nusu kibaba. Inasimuliwa kwamba Perisi alipokuwa akigawa, alipangusa kiganja chake juu ya kikapu cha kila mtu ili punje iliyonasa isipotee, na kwamba kikapu cha mjane alikipangusia mara mbili.

Katika nchi ile watu hupanda kabla ya mvua. Huchimba mashimo katika vumbi kavu, hutia punje nyingi katika kila shimo, kwa kuwa mchwa na ndege nao watakula, kisha hufukia kwa kisigino. Mvua ya kwanza inapokuja huikuta mbegu inaingoja. Basi Mwalimu Hezekia akawakumbusha ahadi ya Mwenyezi Mungu baada ya gharika, kwamba maadamu dunia ipo, kupanda na kuvuna havitakoma. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini alipotazama nyuso zilizokonda mbele yake, huruma ikampanda kichwani, akaongeza la kwake. Akasema mvua itanyesha kabla ya Jumapili ya tatu.

Mzee Mbijili akauliza kutoka kizingitini, "Mwalimu, hiyo Jumapili ya tatu ameitaja Mungu wako au umeitaja wewe?"

Baadhi ya watu wakacheka. Mwalimu akasema, "Tuombe," wakafumba macho.

Sechelela akapanda mistari ishirini, mtoto akiwa mgongoni. Jumapili ya kwanza ikapita, mbingu nyeupe. Kabla ya ile ya pili mawingu yalisimama juu ya vilima siku nzima, watu wakaingiza kuni ndani, kisha upepo ukayachukua. Mzee Mbijili alipopita na mbuzi wake aliwauliza waumini mmoja mmoja, kwa adabu kubwa, kama leo wamefika Jumapili ya ngapi.

Yule mjane hakuweza kutulia. Alifagia ua aliokwisha kuufagia. Alikaa, akasimama, akatoka kutazama mashariki, akarudi ndani akasahau alichorudia. Kisha wazo likamjia kwamba pengine mchwa wamemaliza mbegu na yeye anangoja vumbi tupu. Akaenda shambani akafukua shimo moja. Punje zilikuwapo, kavu na safi kama alivyoziweka. Akazifukia. Kesho yake akafukua shimo jingine, na keshokutwa jingine. Kila mara alikuta mbegu ni nzima, na kila mara alirudi nyumbani na wasiwasi mkubwa kuliko aliokwenda nao.

Jumapili ya tatu ikaja na kimbunga cha vumbi.

Jumatatu yake Yudithi alikataa kusimama. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake, maana mtoto anayelia njaa bado ana nguvu ya kuidai. Sechelela akachukua jembe. Alifukua mistari mitatu, akapepeta vumbi, akapata mtama wa kujaa kiganja. Akausaga, akapika uji mwepesi, akamnywesha mtoto kidogo kidogo hadi jua likageuka. Siku ya pili akafukua tena, na ya tatu, na ya nne. Alikuwa akijua anachofanya. Mbegu ikiisha hakuna mavuno, na bila mavuno mtoto aliyemnusuru wiki hii angemzika kabla ya mwaka kwisha. Alijua, na akafukua. Mistari kumi na mmoja ikatoka. Ikabaki tisa.

Jumapili asubuhi alikusudia kutokwenda ibadani. Jembe lilikuwa mkononi, anakwenda kwenye mstari wa kumi na mbili, Perisi akabisha hodi kama alivyozoea kumpitia kila Jumapili. Jembe aliliona, asiulize. Akambeba Yudithi, akamwinua juu, akasema, "Mtoto ameongezeka uzito. Ashukuriwe Mungu." Akamfuta pua kwa upindo wa nguo yake mwenyewe, wakafuatana.

Neno lile la upole lilimchoma Sechelela njia nzima. Angetukanwa, angevumilia. Baada ya sala akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "mtoto wangu amekula mbegu yenu. Nimefukua mistari kumi na mmoja. Leo pia nilikuwa nakwenda kufukua, Mama Danieli akanikuta mlangoni."

Zakaria Masinjila, aliyekuwa na watoto watano, akasema kwamba hata wao wana watoto, na watoto wao wana matumbo. Hakusema uongo. Ndipo Perisi akainuka.

"Kibuyu kile nilikifungua mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza nilinusa. Ya pili nikatia mkono. Ya tatu nilikwisha kujaza kiganja na maji yanachemka. Nikasikia mtu anapita njiani na mtungi, anamwimbia mtoto. Ni wewe, Sechelela. Nikarudisha kwa kuona haya, si kwa imani. Imani ilirudi baadaye, ikakuta nimekwisha kukifunga."

Mumewe alikuwa hajui habari hiyo. Alimtazama mkewe, kisha akatoka nyuma ya meza yake ndogo, akaja kusimama kando ya mjane kama mtu anayeshtakiwa pamoja naye.

"Ahadi ni ya Mungu," akasema. "Jumapili ya tatu ilikuwa yangu. Niliwapa siku ambayo sikupewa, na huyu mama aliihesabu akiniamini. Ilipopita akadhani Mungu amesema uongo. Nisameheni, na wewe mama unisamehe."

"Haya," akasema Mzee Mbijili kutoka kizingitini, "leo nimejibiwa."

Zakaria akasimama akatoka nje bila kuaga. Watu wakafikiri amekasirika. Kumbe alikwenda shambani kwake, akafukua mstari mmoja, akarudi na punje zimefungwa katika nguo, uso bado umekunjamana. Akampa Perisi kifundo kile, akasema tu kwamba mistari yake mingine ni mirefu. Basi wengine nao wakaondoka. Mtu mmoja akauliza kama si dhambi kushika jembe siku ya Bwana. Mwalimu akasema kama ni dhambi, aandikiwe yeye.

Mzee Mbijili aliwaona wametawanyika mashambani wanafukua, akafurahi, akidhani Wakristo wamekata tamaa wote kwa siku moja. Akawafuata ili acheke vizuri. Akawakuta katika shamba la mjane, wameinama kwenye mistari mitupu, wanachimba, wanatia mbegu, wanafukia kwa visigino. Alisimama pale akiwa amebeba kicheko chake, hajui akiweke wapi. Kisha akaondoka.

Jua lilipokuwa linashuka akaja mlangoni kwa Sechelela na kibuyu kidogo cha maziwa.

"Usinishukuru na usinihubirie," akasema. "Nina ng'ombe mmoja bado anatoa matone. Mtoto anywe, jembe lipumzike."

Akaleta kesho yake, na siku zilizofuata. Kila mara alilalamika kwamba njia ni ndefu, na kila mara alingoja hadi mtoto amalize, ili, alisema, arudi na kibuyu chake.

Mvua ilikuwa bado. Jumapili ya tano ikapita. Mwalimu hakutaja tena siku, ila kila ibada alirudia ahadi ileile, na sasa aliisema polepole. Sechelela alikuwa haendi na jembe shambani, lakini mwili wake ulikataa kukaa. Akamwendea Perisi, wakiwa wanapondaponda majani ya mlenda, akamwomba amfundishe kutulia kama yeye.

"Nani amekwambia nimetulia?" Perisi akacheka. "Mwanangu, mimi huamka alfajiri nikalizunguka shamba lote. Namwambia Mungu, uliahidi, uliahidi. Nazunguka tena. Kisha narudi nyumbani. Kitu kimoja tu sifanyi: sifukui."

Tangu hapo wakawa wanazunguka pamoja, mashamba mawili kila asubuhi, Yudithi katikati yao akikokota kijiti. Walionekana kama watu waliopotewa na kitu. Lakini inasimuliwa kwamba wakati mwingine walisikika wakiimba, na kwamba Zakaria aliwaambia jirani zake wale wanawake wawili wameanza kuichosha mbingu.

Mvua ilinyesha Jumatano, baada ya Jumapili ya sita, mchana, wakati hakuna aliyekuwa akitazama juu. Wanawake walikuwa kisimani wakigombana nani anafuata kuchota. Ilinyesha siku hiyo na usiku wake na kesho yake. Mistari ishirini ya Sechelela ikaota, ile tisa na ile kumi na mmoja, na mpita njia hakuweza kujua ipi ni ipi.

Sisi tunaolea watoto katika siku hizi tunasikia kisa hiki tukadhani imani ni ya watu wenye mioyo imara isiyotikisika. Wale hawakuwa hivyo. Walitikisika, wakahesabu siku, wakafungua vibuyu, wakafukua. Aliyeahidi hakuhesabu pamoja nao, wala hakuwaacha. Moyo ukikataa kutulia, na uzunguke shamba. Alichokipanda Mungu kwa neno lake tukiache ardhini.

Walipovuna, kila nyumba ilileta nusu kibaba kujaza tena kibuyu cha mbegu. Ikaulizwa nani atakitunza. Perisi akamtaja Sechelela. Watu wakatazamana, Zakaria akakohoa, kisha akasema apewe, kwa kuwa yeye anajua mtama ukifukuliwa unauma vipi. Kikaning'inizwa juu ya meko yake. Kilikaa hapo miaka kumi na minne, na kila msimu kilishushwa kimejaa.