Shiraa la Mwana Zena

Sogeeni, na aliye na karanga mdomoni amalize kutafuna, maana hadithi hii haina mahali pa kupumzikia. Hata mwenyewe anayesimuliwa hakupumzika.

Walikuwako wasomaji watatu na kitabu kimoja. Nyamizi wa Tabora alikuwa na kipaji cha kuuliza. Aliuliza mpaka shangazi zake wakimwona anakuja wanakumbuka kazi jikoni. Mkunde wa Lushoto alikuwa na kipaji cha kushauri, aombwe asiombwe. Shomari wa Bagamoyo alikuwa na kigugumizi, na kipaji chake kilikuwa ukaidi: akishaanza jambo, mngoje amalize. Watatu hao hawakujuana. Kitabu kilisafiri katika sanduku la maktaba kutoka shule hadi shule, na wanafunzi walikuwa na desturi ya kumwandikia barua mtu wa kitabuni na kuichomeka kati ya kurasa. Walidhani ni mchezo. Kumbe zilikuwa zinafika.

Zilimfikia Mwana Zena binti Mwenye Kombo, aliyeishi humo kitabuni, katika mji wa mawe wa Mwongoni, karne ya kumi na nane. Kipaji chake kilikuwa kalamu. Alitunga, akanakili, akawaandikia majirani barua zao za ugomvi na za mapatano, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko ncha ya kalamu yenyewe. Baba yake alikuwa amemposesha kwa Bwana Dumila, mtu wa kuvaa vitambi vya hariri na wa maneno machache. Katika hayo machache, alisema hili mbele ya watu: "Nyumbani kwangu mwanamke hashiki kalamu. Kijaluba chake cha wino kitaingia jikoni, kiivishe wali wa harusi."

Basi Mwana Zena hakutulia. Mtu wa kitabuni hutoka nyumbani anaposomwa tu, na kila aliposomwa alipita njia ileile: akatiwa hina, akaingizwa ndani ya shiraa, pazia la kubebwa na wanawake wanne, apelekwe kwa shangazi yake kusingwa manukato, likafika njia panda, na hapo ukurasa ukaisha. Mchwa walikuwa wameula ukurasa uliofuata wote. Akarudi mwanzo, akatiwa hina tena. Baada ya pengo hilo la mchwa ilibaki karatasi moja nyeupe, ya mwisho kabisa, upande wake wa pili umegandishwa kwenye jalada. Ndiyo karatasi tupu pekee katika kitabu kizima. Kwingine kote kulijaa habari zake mwenyewe, na mtu hawezi kuandika jibu la barua juu ya maandishi ya habari zake.

Sasa kwenye jalada la nje palibandikwa kikaratasi: kitabu kikitoka Bagamoyo kitengenezwe, ukurasa uliopotea uchapwe upya. Mwana Zena hakuwa mjinga. Mwandishi alikuwa amedokeza tangu mwanzo. Ukurasa huo ungekuwa na vigelegele, na nyumba ya Bwana Dumila, na kijaluba motoni. Angeishi humo kila atakaposomwa, mpaka kitabu kife. Aliogopa, naye hakuwa na mazoea ya kuogopa.

Barua ya Nyamizi ndiyo iliyotangulia. "Dada Mwana Zena, shikamoo. Nimekupenda sana. Ila wale wanawake wanne wanaobeba shiraa lako, kitabu hakisemi majina yao. Wanaitwa nani? Nijibu tafadhali."

Mwana Zena alihamaki. "Mtoto huyu! Mimi nateketea, yeye anauliza habari za watumwa!" Akaikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena. Kilichomkera hasa ni kwamba hakujua. Miaka yote aliwaita "nyie." Kitabu kiliposomwa tena, alipokuwa akifutwa hina mikononi, alimgeukia aliyekuwa akimfuta.

"Wewe. Jina lako nani?"

Yule mwanamke akatazama nyuma, akidhani anaitwa mwingine. "Mimi, bibi? Zafarani."

"Na wenzako?"

"Faida, Tufaha na Salama. Kwani kumeharibika nini?"

"Hakijaharibika kitu," alisema Mwana Zena, na uso ulimwiva kwa aibu. Tangu siku hiyo waliongea. Zafarani naye, akishazoea, hakuwa na haya. Alimwambia wazi kwamba ndani ya shiraa kuna joto lakini nje kuna uzito, na kwamba kama kulalamika kungekuwa mzigo, basi Mwana angekuwa hamali hodari.

Barua ya Mkunde ikafuata, na jinsi Mkunde alivyokuwa hajui historia, mngecheka. "Mwana Zena, mbona unajitesa? Vaa buibui, jifunike gubigubi, toka zako mlangoni. Nani atakutambua? Mimi ningeshafika mbali. Nijibu kama umefanikiwa."

Mwana Zena alicheka mpaka Zafarani akaja kuangalia. Buibui! Katika Mwongoni ya siku zake hakukuwa na buibui. Mwanamke wa nasaba yake alitoka ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikwa kwa miti minne, mwenyewe akitembea katikati haonekani ila vikuku vyake vinalia. Mji mzima ulijua ni nani yumo. Wanaume waligeuza nyuso ukutani mpaka lipite.

"Ati nijifunike nisijulikane," alimwambia Zafarani, akipangusa machozi ya kicheko. "Hapa aliyefunikwa ndiye anayejulikana! Asiyejulikana ni yule..."

Akamtazama Zafarani, kaniki yake iliyochujuka, mabega yake, uso ambao hakuna mtu wa Mwongoni aliyewahi kuutazama mara mbili.

"Ni sisi," alimalizia Zafarani polepole. "Tulio nje."

Mwana Zena akasema, "Nipe kaniki yako. Nitashika mti wako. Wewe ingia ndani na vikuku vyangu. Kwenye njia panda tusikate kwenda kwa shangazi. Tunyooke mpaka lango la mji. Kitabu kinasema tu 'shiraa likatoka.' Mwandishi hakujishughulisha kusema nani yuko wapi."

"Na wakilifunua?"

"Watanirudisha ndani."

"Wewe watakurudisha ndani," alisema Zafarani. "Mimi watanivua ngozi."

Zafarani alizunguka chumba, akaenda dirishani, akarudi. Mwishowe akakaa chini, akanyoosha mguu. "Nivalishe hivyo vikuku. Tena upesi, kabla sijapata akili."

Ilibaki kusomwa. Barua ya Shomari ilikuwa fupi kuliko zote. "Sijui kusema vizuri, wenzangu hunicheka. Ijumaa kila mtu anasoma kitabu kwa sauti mbele ya darasa. Nimekuchagua wewe, nitakusoma mpaka mwisho. Nijibu, hata neno moja."

Ijumaa ikafika. Shomari akasimama, akafungua, akaanza. Kule Mwongoni shiraa likatoka. Mwana Zena, kaniki mabegani na mti mkononi, alikuwa amejipaka chokaa kufunika hina. Mti ulikuwa mzito kweli. Jasho likamtiririka kwapani hadi kiganjani, na chokaa ikaanza kuyeyuka. Mbele, kwenye njia panda, alisimama Bwana Dumila.

Mstari wa mwisho kabla ya pengo ulisema: Bwana Dumila akageuza uso ukutani, shiraa likapita.

"Bwana Du-Dumila," alisoma Shomari, "a-a-aka..."

Neno likagoma. Na mpaka litoke, Bwana Dumila hajageuka. Yuko pale, macho wazi, na macho hayo yanateremka polepole kutoka kwenye kitambaa hadi kwenye mti, kutoka kwenye mti hadi kwenye mkono wa mbebaji, mahali ambapo ua la hina ya bibi harusi limeanza kuchomoza.

"A-a-a..."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, kwa huruma tu, akasema, "Basi, Shomari. Umejitahidi. Funga kitabu ukae."

Kama angefunga, Mwana Zena angebaki pale mpaka kesho, mkono wake chini ya macho ya mume asiyemtaka. Ndani ya shiraa vikuku vilitetemeka. Shomari alitoka jasho, akafumba macho, akayafumbua. "Sikai, mwalimu," alisema, na hilo lilitoka bila kukwama. Kisha akapumua kwa nguvu na kulisukuma lile neno kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua: "Akageuza! Akageuza uso ukutani, shiraa likapita!"

Akageuza. Likapita. Likanyooka, likatoka langoni, likaingia katika pengo la mchwa ambamo hakuna mwandishi wala bwana, na upande wa pili wakaiona ile karatasi nyeupe. Faida, Tufaha na Salama walitupa miti yao chini. Zafarani akatoka ndani ya kitambaa, akavua vikuku. Mwana Zena akachomoa kalamu na kijaluba kiunoni, akachovya, akaandika: "Kwa mpenzi wangu..."

Akasimama hapo.

Ni ukurasa mmoja, na hati yake ni kubwa. Barua alizoletewa haziwezi kujibiwa kwa salamu za kugawana, kwa hiyo msiniambie awape kila mmoja kipande. Jina la atakayejibiwa ndilo litakalokaa kitabuni naye maisha yote.

Nyamizi aliuliza lililo jema, lakini hakufikiria kutoroka kabisa. Mkunde alifikiria kutoroka, na alichoshauri kilikuwa kosa tupu, ila bila kosa hilo wangekuwa bado wamekaa chumbani. Shomari hakushauri wala kuuliza chochote, ila alisimama.

"Andika basi," alisema Zafarani, akisugua vifundo vya miguu. "Kengele yao inalia huko. Yule kijana atafunga kitabu sasa hivi."

"Nimwandikie nani?"

Zafarani akasema, "Wote hao wana vitabu vyao vya kuandika majina yao. Mimi jina langu halijaandikwa popote. Lakini mimi sikukuletea barua."

Wino unakusanyika kwenye ncha ya kalamu. Kengele inalia. Shomari ameshika jalada, bado hajalifunga, anatazama ile karatasi nyeupe ya mwisho na haelewi kwa nini moyo unamwenda mbio.

Haya, nyinyi mliomaliza karanga zangu: tone la wino linaanguka. Liangukie jina la nani?