Mjane Aliyeulizwa Mara Saba

Mjane mmoja alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu chini ya kilima, na juu ya kilima hicho palikuwa na chuo kikuu. Nyumba ilitangulia. Marehemu mume wake aliijenga kwa matofali ya udongo aliyoyafyatua mwenyewe, wakati kilima kizima kilikuwa nyasi na mawe, na mvua ikinyesha maji yalizama huko huko juu bila kumsumbua mtu. Kisha chuo kikaja. Kikajenga kumbi na mabweni, kikamwaga zege na lami mpaka nyasi zikaisha. Maji ya mapaa yote hayo lazima yaende mahali, kwa hiyo mafundi wakayakusanya katika bomba moja nene, wakalipitisha chini ya ukuta wa chuo, wakalikomesha hapo hapo nje ya ukuta. Kutoka mdomo wa bomba mpaka ukuta wa nyuma wa nyumba ya mjane ni mwendo wa kutupa jiwe, na wote ni mteremko.

Aliitwa Nyamizi, naye alikuwa fundi cherehani. Nyumba ile ndiyo aliyokuwa nayo duniani, hakuna nyingine. Chumba cha mbele alipokea wateja, cha kati alilala, na cha nyuma, kilichopakana na mteremko, aliweka cherehani yake kwa sababu dirisha lake lilikuwa na mwanga mzuri. Masika ya kwanza baada ya bomba kuwekwa, ukuta wa chumba hicho ulilowa mpaka usawa wa goti. Masika ya pili ukapata ufa.

Sasa watu wa mtaa ule wana desturi yao kuhusu maji, na usipoijua hutamwelewa Nyamizi. Maji ya kwako yakiingia kwa mwenzako, humtumii salamu wala humwandikii barua. Unachukua jembe, unaliweka begani, unakwenda. Hakuna kuomba radhi, maana jembe limeshasema. Unachimba mtaro mpaka maji yapate njia nyingine, mwenye nyumba anakuletea kikombe cha maji ya kunywa, na habari imekwisha. Jirani yake, Mzee Kalokola, aliwahi kuja hivyo asubuhi moja baada ya maji ya bati lake kuingia jikoni kwa Nyamizi. Alichimba mpaka adhuhuri, akanywa maji, akaenda zake, na urafiki wao haukupata hata mkwaruzo.

Na tena, mtaani kule hakuna mtu anayemuuliza mwenzake nyumba yake imepasuka wapi isipokuwa fundi aliyekuja kuitengeneza. Watu wana adabu. Ufa wa mtu ni kama kidonda chake. Kama huna dawa, unajifanya hujauona.

Basi mwaka ule watu wa chuo walipoteremka mara ya kwanza, wasichana wawili na mkoba wa karatasi, wakapiga hodi na kuuliza, "Shikamoo mama, tunaomba utuonyeshe palipopasuka," Nyamizi alifurahi kuliko alivyofurahi siku nyingi. Aliwapa vigoda. Aliwapa mihogo ya kuchemsha. Akawaonyesha ufa, akawaonyesha alama ya maji ukutani, akawapeleka nje akawaonyesha na bomba lenyewe. Alijibu kila swali kwa moyo wote, kwa kuwa alidhani hawa ni watangulizi tu na majembe yanafuata nyuma. Hilo ndilo kosa lake, na alilirudia kwa miaka saba. Alidhani anayeuliza anataka kutenda.

Walipofika kwenye swali la mwisho, msichana mmoja alimsomea. Kwa maoni yako, mafuriko haya yanasababishwa na nini? Mvua kubwa, taka zinazotupwa na wakazi, ujenzi holela, au mapenzi ya Mungu?

"Bomba lenu," akasema Nyamizi.

Msichana akatazama karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Mama, bomba halimo."

"Halimo wapi? Si hilo hapo unaliona?"

Msichana aliliona. Alikuwa mtoto mwenye heshima, akaona aibu, akaweka alama kwenye mvua kubwa. Wakaaga wakapanda kilima, na karatasi zao hazikulowa hata tone.

Mwaka wa pili walikuja wengine na maswali yale yale. Mwaka wa tatu walikuja na rula, wakapima ufa, na walipokuta umepanuka wakatazamana kwa furaha kama watu waliopata mtoto wa kiume. Nyamizi alisimama kando akiwatazama wanavyofurahi, naye alikasirika, lakini walikuwa wageni wake na chai ilikuwa jikoni. Mwaka wa nne walimuuliza anajisikiaje maji yanapoingia ndani ya nyumba yake. Vibaya sana, vibaya, kawaida, au vizuri? Alikuwa ametoka kukamua matambara tangu alfajiri, mgongo unamuuma. Akasema, "Andika vizuri." Na wakaandika vizuri.

Ndipo akaona apande mwenyewe. Mwaka wa tano, walipokwisha kuja na kuuliza tena, alifunga kilemba, akapanda kilima, akafika langoni. Mlinzi akamuuliza kitambulisho cha chuo. Akasema yeye ni jirani. Mlinzi akasema hakuna kitambulisho cha namna hiyo. Alisubiri juani mpaka mtu mmoja akamhurumia akamwingiza ofisi ya majengo. Ofisi ya majengo ikamwambia kwamba kilicho nje ya ukuta si mali ya chuo, aende manispaa. Manispaa ikamwambia bomba linatoka chuoni, arudi chuoni. Akarudi. Safari hii alipelekwa ofisi ya mahusiano na jamii, yenye viti laini, na dada mmoja mpole akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kumkatisha, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akampa kalenda yenye picha ya chuo. Nyamizi alirudi nyumbani na kalenda. Jamani, kalenda! Mtu anakwenda kuomba maji yahamishwe, anarudi anajua leo ni tarehe ngapi.

Mwaka wa sita fomu iliongezewa mstari mpya chini kabisa: nyinginezo, taja. Nyamizi akataja bomba, nao wakaliandika, herufi kwa herufi, na wiki nzima alishona huku anaimba. Akamwambia Mzee Kalokola kwamba mwaka huu limeandikwa. Mzee Kalokola alimtazama, akautazama ukuta ambao sasa ulikuwa umefura na kuinama kidogo ndani, akasema, "Mwanangu, hamisha cherehani." Hakuihamisha. Chumba cha nyuma kilikuwa na mwanga, na kuihamisha ilikuwa ni kukubali kwamba hawatakuja.

Mwaka wa saba alishuka mkubwa wao mwenyewe, Daktari Lutengano, daktari wa vitabu na si wa sindano. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha. Alimwamkia Nyamizi kwa heshima, akakaa kwenye kigoda bila kukipangusa, akala mihogo akaisifu. Aliutazama ufa kutoka chini mpaka juu. Akatoka nje, akaliona bomba kwa macho yake mawili, akaona na njia ambayo maji yamejichimbia kutoka pale mpaka ukutani. Akasema, "Mama, nyumba yako imetusaidia sana." Kisha akatoa kadi. Utafiti umekamilika, umekuwa kitabu, kitabu kinazinduliwa Jumamosi mchana ukumbini, Makamu Mkuu wa Chuo atakuwepo, na yeye Nyamizi atakaa safu ya mbele.

Alifikiri sana. Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka, meusi, na masika yalikuwa katikati. Lakini akasema moyoni, Makamu Mkuu ndiye mwenye nyumba. Watoto na watumishi wameshindwa. Nikimfikia mwenye nyumba, leo leo atashika jembe. Akavaa kitenge alichokishona mwenyewe, akafunga mlango, akapanda.

Safari hii mlinzi aliona kadi akamfungulia geti lote, kama gari. Akaketishwa mbele, akapewa chupa ya maji. Daktari Lutengano akasimama, taa zikapunguzwa, na ukutani pakatokea ufa wa nyumba yake, mkubwa kuliko mtu, mrefu toka sakafuni mpaka karibu na dari. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Nyamizi alikuwa hajawahi kuuona mkubwa hivyo, na akauonea haya, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe.

Mvua ikaanza. Kwanza ilinong'ona juu ya bati, halafu ikapiga ngoma. Daktari akakisogeza kinywa karibu na kipaza sauti, akaendelea kueleza jinsi kaya za mabondeni zinavyoishi na maji. Watu wote walikuwa wanautazama ufa ukutani. Nyamizi peke yake alikuwa anatazama dirishani, mahali maji yalipokuwa yanatiririka kutoka kwenye paa la ukumbi ule ule, yanaingia kwenye mfereji wa zege, yanakata kona nyuma ya maktaba. Alijua kona inayofuata. Alijua yatafika saa ngapi.

Akasimama. Hakusubiri kupewa kipaza sauti.

"Maji yanayonyesha juu ya vichwa vyenu sasa hivi yanakwenda kubomoa nyumba yangu," akasema. "Mmekuja kwangu mara saba na karatasi, hamjaja hata mara moja na jembe."

Vichwa vyote vikamgeukia. Kwa kitambo kidogo, Nyamizi aliamini kwamba amesikika. Alimtazama Makamu Mkuu, na Makamu Mkuu alikuwa amemkazia macho. Kisha Makamu Mkuu akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, safu kwa safu, mpaka ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi. Daktari Lutengano alikuwa anafuta machozi, machozi ya kweli, na kijana wa kamera akamsogelea akamwomba kwa adabu aseme tena, taratibu, maana mvua ilikuwa imeingilia sauti.

Akatoka. Aliteremka kilima akiwa analowa, viatu mkononi, akiyafuata maji, na maji yalikuwa na haraka kumshinda.

Alikuta ukuta wa nyuma umeanguka ndani. Chumba kilikuwa wazi kama duka, na bati la upande ule limeinama mpaka chini. Mzee Kalokola na majirani wengine walikuwa wanatoa tope kwa ndoo na masufuria, na mmoja wao alikuwa ameshaipata cherehani. Gurudumu lilikuwa limevunjika na mkono wa cherehani umepinda. Nyamizi alichuchumaa akaanza kuifuta tope kwa upindo wa kitenge chake kipya. Hakulia, alikuwa amechoka mno. Kabla jua halijazama ukuta wa kati nao ukaenda, na jirani mmoja akambebea godoro mpaka kwa Mzee Kalokola.

Juu kilimani kitabu kilipokelewa vizuri. Baada ya wiki tatu akashuka mwanafunzi na fomu mpya, akafika mahali ambapo fomu ilisema pana nyumba, akakuta tope na bati. Nyamizi alikuwa barazani kwa Mzee Kalokola, nyumba ya pili tu kutoka pale, anashona kwa mkono pindo la sare ya shule. Alimwona mwanafunzi anatazama huku na huku. Hakumwita. Mwanafunzi naye hakuuliza mtu, maana fomu haikumwambia aulize. Alichukua kalamu akaandika: mhojiwa hakupatikana.

Haya, ninyi mliosoma, mnaokaa juu na mnaotamani kupanda. Nyamizi alijua maji yanatoka wapi, na alisema tangu siku ya kwanza. Fundi aliyelilaza bomba alijua. Msichana wa kwanza aliyeliona na kuweka alama kwenye mvua alijua, na Daktari aliyekula mihogo alijua, na baada ya Jumamosi ile alijua hata Makamu Mkuu mwenyewe. Hapakuwa na mtu hata mmoja kilimani wala bondeni ambaye alikuwa hajui. Basi nijibuni: kwa miaka saba yote, walikuwa wanauliza ili wajue nini?