Nani Aitie Saa Ufunguo?

Mwenye saa mkononi aigeuze uso chini. Sitaki kumwona mtu akiichungulia ninaposimulia.

Bwanaheri, fundi saa wa Mombasa, aliacha watoto watatu. Mwanasha, kifungua mimba, alijaliwa sikio: saa aliyoisikia mara moja, hakuusahau mlio wake. Fumo alijaliwa jicho. Mkwaruzo mwembamba kama unywele haukumpita. Shee, kitinda mimba, alikumbuka kila alichowahi kusema au kuandika baba yao.

Saa ya dhahabu ya mzee iliibwa kabla hajafa. Mwizi alipitia dirisha ambalo Mwanasha alisahau kulifunga. "Atakayeirudisha ndiye atakayeivaa," mzee aliusia, akakata roho. Tangu hapo Mwanasha hakutulia. Akilala, anaamka kwenda kugusa komeo la dirisha.

Miaka saba baadaye alipita kwenye duka la saa za kifahari zilizokwisha kuvaliwa, akasimama ghafla. Kati ya saa thelathini, moja ilichechemea: tiki, tiki, kimya kidogo, tiki.

"Ni ya baba!" Akawapigia simu nduguze, nao wakaja mbio.

Muuzaji hakuwa mtu mbaya, ila mjinga hakuwa. Akatoa cheti: saa iliuzwa mpya mwaka 1975, kwa mtu mwingine kabisa. "Bi mkubwa, sikio si ushahidi. Mimi nina karatasi."

Fumo akakiinamia cheti, kisha saa, kisha cheti tena. Namba ya saa na ya cheti zilifanana. Lakini kwenye saa, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa na kingo kali, na nyingine zimelika kwa kuvaliwa. "Hizi zimechongwa juzijuzi. Cheti hiki ni cha saa nyingine."

Muuzaji akatazama kwa kioo chake cha kukuzia. "Haya, cheti si chake. Lakini nitajuaje kama ni ya baba yenu?"

"Fungua mgongo wa saa," Shee akasema. Ndani palikuwa pamekwaruzwa 1379. Muuzaji akacheka. "Mwaka huo nani alivaa saa?"

"Huo ni mwaka wa Hijria, kaka. Kwa kalenda yenu ni kama 1960, miaka kumi na tano kabla ya cheti chako. Daftari la baba lipo nyumbani: 'Saa yangu, 1379, nimetia skrubu moja ya buluu.' Hebu tazama."

Skrubu ya buluu ilikuwepo, moja tu.

"Chukueni," muuzaji akasema. "Mali ya wizi haikai dukani kwangu."

Nyumbani wakaiweka mezani.

"Bila jicho langu, cheti kingeshinda," Fumo akasema.

"Bila kumbukumbu yangu, tungerudi mikono mitupu," akasema Shee.

"Bila sikio langu, mngejua wapi kama ipo?" Mwanasha akauliza.

"Na bila dirisha lako, dada, isingepotea," Fumo akajibu taratibu.

Mwanasha akainuka, akaenda kugusa komeo, akarudi kuketi. Ilimuuma, kwa kuwa ni kweli.

Saa ile hutiwa ufunguo kila siku ili isisimame, na mzee hakuruhusu mtu mwingine aitie ila yule anayeivaa. Kwa hiyo hakuna anayethubutu kuigusa. Wamekaa wote watatu wakiitazama, na Mwanasha peke yake anasikia mlio ukififia.

Basi ninyi mliokaa hapo, semeni upesi kabla haijasimama: mkono wa nani uitie ufunguo?