Matundu ya Sakafuni

Ninyi mnaoringia usafi, maji machafu ya deki mnayamwaga wapi? Nauliza, msiangaliane.

Kulikuwa na mama mmoja wa kwetu aliyehamia na mumewe katika nchi ya baridi, wakapanga nyumba yenye sakafu ya vigae. Alikuwa hodari wa deki. Sisemi ile ya kupitisha tambara bichi kama unafuta meza. Hii ilikuwa deki aliyolelewa nayo: ndoo tatu za maji, sabuni, mfagio, magoti chini. Kila Jumamosi. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakasema kwake mtu anaweza kula ugali sakafuni, naye akazipokea sifa kama anayesikia habari ya zamani. Msimcheke. Kwa sakafu ile alikuwa na haki ya kuringa.

Kilichomfurahisha zaidi ni matundu. Kila chumba kilikuwa na tundu sakafuni, karibu na ukuta, limefunikwa wavu wa chuma. Akamwambia mumewe kwamba watu wa huko wana akili, wameweka pa kutolea maji mpaka vyumba vya kulala. Basi akawa anasukumia humo maji yote ya deki. Yakiingia hayarudi. Nani angetaka zaidi?

Baridi ilipokaza wakawasha mtambo wa joto. Ukapuliza hewa yenye harufu ya dimbwi. Madirisha yakatoka jasho, kuta zikaota ukungu, chini ya sakafu yakasikika maji yakicheza. Mama akamtuma mumewe ampigie mwenye nyumba na kumweleza kwamba yeye hakulelewa kwenye kinamasi.

Mwenye nyumba akaja na fundi. Fundi mwenyewe alikuwa kijana wa kwetu, ndiye aliyeusafisha mtambo ule kabla ya baridi, na kazini bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio. Akamwamkia mama shikamoo, akashuka chini ya nyumba, akafungua njia za bati zinazopeleka hewa ya joto vyumbani. Yakamwagika maji ya kujaza beseni. Mwenye nyumba akasema basi, fundi huyu aliacha bomba wazi, akatoka nje kumpigia simu bosi wake.

Mama alikuwa amesimama na mumewe kwenye ngazi, akitazama. Hakumwonea huruma.

"Mwanangu, kama kazi huiwezi, si useme tu? Unatuaibisha mbele ya wenyewe."

Kijana akachovya kidole, akanusa. "Mama, haya maji yana sabuni."

"Sabuni imetoka wapi?"

"Samahani, mama. Huko juu mnapiga deki vipi?"

Akamweleza. Tena alieleza kwa madaha, ndoo ya kwanza hadi ya tatu, mpaka akafika kwenye matundu. Kijana akainamisha kichwa.

"Mama, yale matundu si ya maji. Joto ndimo linamopitia."

Mtu wa umri wa mama yake, amsemee kwa mwenye nyumba? Akachukua tambara, akaanza kukausha bati.

Sasa nisikilizeni. Tangu wahamie hadi dakika ile, yule mama alikuwa na kosa gani? Hakujua. Lakini dakika inayofuata, je? Hiyo ndiyo yetu, ndugu zangu. Ndiyo ile tunayoanza kukohoa na kutazama saa. Tunasema kijana atapata kazi nyingine, bado ana nguvu. Tunasema tutamwombea. Na tunamwombea kweli, kwa sauti, mbele ya watu. Kuna aliyeachishwa kazi, kuna mkwe aliyerudishwa kwao, kwa maji tuliyoyamwaga sisi, nasi tumebaki na sifa ya usafi. Sifa hiyo tutampelekea Mungu gani? Sitaki mtu atoke hapa akidhani nimewakataza kuringa. Ringeni. Muwe na fahari ya kutosha hata mwone haya mtu mwingine akiwabebea ndoo yenu.

Mwenye nyumba akarudi na simu sikioni. Akamwambia fundi afunge mkoba wake, hana kazi tena. Kijana akasema sawa, akaanza kuokota vifaa.

Mama akakaza kanga kiunoni. Lugha ya huko ilikuwa ikimshinda, siku zote alimwachia mumewe aongee. Siku hiyo akamsogeza mumewe kando kwa kiwiko, akashuka ngazi, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha, akayatafuta maneno moja moja.

"Fundi hana kosa. Maji ni yangu. Nimeyamwaga mimi, kwa mikono yangu hii."