Kitufe chenye Picha ya Mwezi

Hapo zamani, si zamani sana, skrini za kompyuta zikiwa bado nene kama sanduku, Bi Mwanakombo wa Wete aliishi akiingoja Ijumaa. Alikuwa kiziwi, simu haikumfaa. Binti yake, Zuwena, alifanya kazi Muscat, na mwajiri wake alimruhusu kukaa kwenye kompyuta robo saa tu kwa wiki, siku ya Ijumaa. Katika robo saa hiyo mama na mwana waliandikiana.

Lakini kila Ijumaa, katikati ya maneno, skrini ya mama ilizimika. Ikiwaka tena, Zuwena keshaondoka.

"Umeme huo," watu walisema. Ijumaa ikapita. Ikapita nyingine.

Makame, kaka yake Zuwena, akaketi Ijumaa nne kuvitazama vidole vya mama. Akaona: mama akikosea herufi, kidole hutafuta kitufe cha kufutia, kikaangukia kitufe kilicho jirani, chenye picha ya mwezi, kinacholaza mashine. Makame akaleta kisu aking'oe.

"Weka kisu, we Makame!" alisema Sikudhani, shoga yake Zuwena, aliyesomea kompyuta. Akaingia kwenye mipangilio, akakiamuru kitufe kile kisilaze tena.

"Sasa kikae bure?" aliuliza Jecha, mchumba wa Zuwena. "Kipe neno moja kiandike: mwanangu."

Sikudhani alicheka, lakini akakipa.

Ijumaa iliyofuata mama akakosea, akakosea, akakosea. Zuwena akasoma: "Karafuu mwanangu tumeanika mwanangu nyumba mwanangu kimya." Akajibu: "Mama, nalia. Niite tena."

Mama akawageukia wale watatu. "Ijumaa ijayo nitampa mmoja wenu dakika zangu tano. Mmoja tu. Zaidi siwezi."

Kila mmoja akamwandikia hoja yake kwenye skrini.

Makame: "Mama, bila macho yangu mngelaumu umeme hadi leo. Na siku anaondoka nilinuna, sikumuaga."

Sikudhani: "Macho na kisu! Kibodi ingebaki na pengo. Mikono iliyokigeuza kitufe ni yangu. Miaka mitatu sina wa kumwambia siri."

Jecha: "Neno ni langu, na neno ndilo lililomliza. Nami sijui kama bado ananitaka."

"Neno moja tu, shemeji!" alifoka Sikudhani. Mama hakusikia.

Leo ni Ijumaa. Mama ameandika dakika kumi, amesimama. Kiti ki wazi, Zuwena anangoja. Wewe unayesikiliza, sema upesi: nani akae?