Jicho la Sindano

Kaeni vizuri, na mwenye sindano mkononi aichomeke kwanza kwenye kitambaa. Habari hii inamhusu sindano mwenyewe, na si adabu kumsengenya mtu huku umemshika.

Ulikuwepo wakati vyombo vya ushonaji vilipokuwa na akili zao na ndimi zao. Bi Mwanashee, fundi wa nguo za harusi, hakuwa akishika kitu. Alikaa mkekani, tambuu shavuni, akiagiza tu. Mkasi alikata mwenyewe. Subana, kale kakofia ka shaba tunakokavaa kidoleni siku hizi, hakuwa na kazi yoyote. Alishinda kikapuni akikoroma. Na Sindano ndiye aliyekuwa akienda mbele. Kichwani pake, pale penye tundu leo, palikuwa na jicho zima, jeusi, lenye kuona hata unywele ulioangukia hariri nyeusi. Aliiona njia mwenyewe, akapita mwenyewe, wala hakuwahi kumchoma mtu.

Uzi alifungwa kiunoni mwa Sindano kwa fundo, akakokotwa nyuma. Basi. Kazi yake ilikuwa hiyo, kukokotwa. Lakini wanawake wakija kuchukua nguo zao walizigeuza huku na huku wakasema, "Mashallah! Uzi umekaa! Bi Mwanashee, uzi huu umeupata wapi?" Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyewahi kuuliza sindano imepatikana wapi.

Tena Uzi alibaki nguoni, akaenda harusini, akafukizwa udi na kurashiwa marashi. Sindano alirudishwa kikapuni uchi kama alivyozaliwa. Aliuvika mji mzima, mwenyewe hana hata kitambaa cha kujifutia jasho. Na Uzi naye hakujua kunyamaza. Uzi hata akikatwa huwa ni mmoja. Kilichoonwa na kipande kilicho nguoni hujulikana na donge lililobaki nyumbani. Basi Uzi hujinyoosha juu ya donge lake akaanza: "Jana mwenzenu nilifukizwa mpaka nikapiga chafya! Na pilau ile, jamani!" Yeye alikuwa na donge la kukalia. Sindano alikuwa na donge la rohoni.

Ikafika zamu ya Riziki, mjukuu wa pekee wa Bi Mwanashee, kuolewa. Kwa ajili yake palikuwa na donge la uzi mwekundu wa hariri, aliloliacha mama yake Bi Mwanashee kabla ya kufa, akausia lisiguswe mpaka siku hiyo, wala nguo hiyo isishonwe kwa uzi mwingine. Sindano alipoliona likitolewa sandukuni alisogea akasema kwa heshima, "Bibi, safari hii nami niache nguoni. Padogo tu, kwenye pindo. Nami nikaione harusi."

Bi Mwanashee alicheka mpaka tambuu ikataka kumtoka. "Wewe ubaki nguoni? Bwana harusi akimsogelea mkewe, si tutasikia mayowe mtaa wa pili!"

Kikapu kizima kikacheka, na Uzi akacheka kuwashinda wote. Sindano hakucheka. Siku hiyo jicho lake lilianza kuwasha, likawasha, asiweze kulikuna. Lilikuwa jicho, sasa likawa kijicho.

Mnamjua Mkasi alivyo, mdomo wazi na moyo mwepesi. Sindano alimwendea akamnong'oneza, "Unajua Uzi anasemaje juu yako? Anasema wewe huna kazi duniani ila kutenganisha watu."

"Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Uzi hana mdomo, lakini mtu akishapandisha hasira haulizi hayo. Adhuhuri Bi Mwanashee alipokwenda kusali, Mkasi aliingia katika donge jekundu, kra, kra, kra, mpaka kisibaki kipande kinachozidi urefu wa kidole.

Bi Mwanashee aliporudi alishika kichwa. "Yarabi! Uzi wa mama yangu!" Riziki akaketi sakafuni akaanza kulia, kwa sababu alasiri ile ile mashangazi wa bwana harusi walikuwa waje kuitazama nguo.

"Msilie," akasema Sindano. "Nipeni kitambaa. Nitashona peke yangu, na leo mtamjua aliyekuwa akishona siku zote."

Mwenye kuzama haulizi kamba ni ya nani. Bi Mwanashee akampa kitambaa. Na Sindano alishona, wallahi alishona! Mabega, mikono, shingo, hatua ndogondogo zilizonyooka, hakuna fundo la kumvuta nyuma, hakuna wa kukokota. Hajapata kuona raha kama ile maishani mwake. Alipomaliza, mashangazi walikuwa wakibisha hodi mlangoni. Bi Mwanashee, ambaye macho yake hayakuwa ya jana, aliona mistari ya vitundu akadhani ni mshono, akamtandazia mjukuu wake nguo mwilini taratibu.

Riziki aliinua mkono ili awaamkie wageni. Mkono wa nguo ukaanguka. Likafuata bega, kisha nguo nzima ikamporomoka vipande vipande, akabaki na shimizi, ameziba kifua kwa viganja. Shangazi mkubwa alimtazama, akamtazama Bi Mwanashee, akasema polepole, "Kwetu sisi bibi harusi huvaa nguo iliyoshonwa. Tutarudi kesho adhuhuri. Tukikuta mambo ni haya, basi tutajua mlikuwa mnatutania."

Wakaondoka. Riziki hakumwangalia bibi yake. Alimwangalia Sindano. "Nilikukosea nini mimi?"

Sindano aliangalia vitambaa vilivyotapakaa mkekani. Vitundu mamia kwa mamia, vimenyooka kama safu ya sala, na havikushika kitu. Kiburi chote kikamwisha. "Hukunikosea," akasema. "Nilimwonea kijicho Uzi. Mkasi ni mimi niliyemtuma."

Bi Mwanashee hakugombana; muda wa kugombana hakuwa nao. Aliokota kipande cha uzi akajaribu kukifunga kiunoni mwa Sindano. Fundo likakila chote. Akajaribu cha pili, na cha tatu, yale yale. Ndipo Subana alipoamka, mara ya kwanza tangu mfungo, akapiga mwayo. "Kifupi hicho hakifungiki," akasema. "Labda kingempita katikati, kingeshika."

"Katikati wapi?" akauliza Bi Mwanashee. "Mwili mzima ni chuma kitupu."

Wote wakaligeukia jicho.

Bi Mwanashee hakumlazimisha. Sindano alimtazama Riziki kwa muda mrefu, shimizi yake, macho yake yaliyovimba, mikono yake iliyokuwa bado kifuani. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokiona duniani. "Litoe, bibi," akasema.

Bi Mwanashee alilitoa kwa ncha ya mwiba. Mnauliza kama liliuma? Litolewe lako kwanza, kisha njoo uniulize. Uzi akapita palipokuwa na jicho, akashika. Lakini sasa Sindano haoni njia, ikabidi Bi Mwanashee amwongoze kwa mkono wake mwenyewe, naye kipofu akamchoma kidole mara ya kwanza, akamchoma mara ya pili, mpaka Subana akarukia kidoleni kumkinga. Kesho yake adhuhuri mashangazi waliikuta nguo imekamilika, na hawakuwa na la kusema.

Siku ya harusi Bi Mwanashee alimchomeka Sindano kifuani pa leso yake, kwa tahadhari nguo isije ikachanika mbele za watu, na kipande cha uzi mwekundu kilikuwa bado kimempita tunduni. Sindano alisikia vigelegele. Alisikia harufu ya udi. Akasikia pia, "Uzi umekaa!"

"Nimefika?" akauliza.

"Umefika," akajibu Uzi.

"Amependeza?"

Uzi angeweza kujigamba, nafasi ilikuwa yake. "Amependeza," akasema. "Mabega yamekaa. Njia yako imenyooka."

Na tangu siku hiyo sisi hatusemi sindano ina jicho. Twasema ina tundu. Mkasi alitiwa adabu, hafungui mdomo mpaka atiwe vidole. Anayetunga uzi hufumba jicho moja, maana humwazima yule kipofu. Na bibi zetu hutukataza kuweka sindano bila kipande cha uzi. Mtaambiwa ni ili isipotee. Uongo. Ni ili apate wa kumsimulia harusi.

Ila kuna siku Uzi husahau, akaanza kusimulia jinsi yeye alivyosifiwa. Siku hiyo utashtukia umechomwa kidole na hujui umekosa nini. Msamehe. Jicho lilitoka lote. Kijicho kilibaki kidogo.